Shavu la Kushoto

Mchoraji alisema, "Usitikisike. Kidogo tu." Kisha ikapita miaka mia na arobaini.

Hiyo ndiyo kidogo ya wakubwa. Kidogo ya mtu mdogo hupimwa kwa saa, na akizidisha dakika tatu ataulizwa alikuwa wapi na nani; kidogo ya mkubwa haina kipimo wala mlango wa kutokea. Mpiga pasi wake, aliyeitwa Sikudhani, alikuwa ameinamia shati pale mezani, pasi ya mkaa mkononi, na kinywa chake kilikuwa kimejaa maji. Kila aliyewahi kupiga pasi ya mkaa anajua kwa nini. Unapiga funda kutoka bakulini, unayaweka mashavuni, unabana midomo, halafu unayapuliza juu ya nguo yatoke kama umande, na kabla umande haujakauka pasi inashuka. Kati ya kupiga funda na kupuliza kuna muda mfupi ambao mtu hawezi kusema, hawezi kucheka, hawezi hata kuitikia salamu ya mama yake mzazi. Ni muda mfupi mno, hata hakuna aliyejisumbua kuupa jina. Ndani ya muda huo ndimo mchoraji alimokamatia mtu wake. Akamwambia usitikisike, naye akatii, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa, pasi ilikuwa nyongeza tu.

Alichora mbio, kwa kuwa mwanga wa dirishani ulikuwa unahama na yeye alikuwa mtu wa kufukuzana na mwanga. Doa la bluu hapa, la waridi pale, la manjano juu ya birika. Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja jicho moja, akatabasamu, akaenda kula chakula cha mchana. Neno la pili, lile la kumwambia mtu haya, endelea na kazi yako, hakulisema. Labda alilisahau. Labda alidhani neno kama hilo hujisema lenyewe.

Sikudhani akangoja.

Chumba alichongojea kilikuwa cha kawaida, na ukawaida huo ndio uliokuja kukipa sifa. Kulikuwa na dirisha lenye pazia jepesi, meza, birika la fedha, kiti chenye mto wa kijani, na juu ya kiti mke wa mchoraji, ambaye Sikudhani alimwita kimoyomoyo Bibi wa Kiti. Bibi wa Kiti alikuwa ameinua kikombe cha chai usawa wa kidevu, na hapo ndipo kilipobaki, hakikupanda, hakikushuka. Hakuonekana kudhurika. Kuna watu ambao hata ukiwasimamishia maisha saa yoyote ile utawakuta wamekaa. Sikudhani yeye alikutwa ameinama, mgongo umepinda, mkaa unawaka ndani ya pasi umbali wa kidole kimoja juu ya kola, na mkaa huo haukuzimika hata siku moja kwa miaka yote hiyo, wala kola haikupata joto lake.

Kitu kingine alikigundua taratibu, na kilipomwingia hakikumtoka tena. Hakuchorwa kwa mistari. Alichorwa kwa madoa. Mtazamaji akisimama mbali, madoa yalishikamana yakawa mwanamke. Akisogea karibu, mwanamke alipotea yakabaki madoa. Basi watu walimpenda kwa mbali. Wakifika karibu walisema, "Angalia jinsi alivyotumia zambarau kwenye kivuli," wakaanza kuzungumza juu ya zambarau. Alijiuliza, kwa miaka isiyopungua thelathini, ni mtu wa namna gani anayekuwepo pale tu wengine wanapojitenga naye. Alijiuliza pia kama Bibi wa Kiti alikuwa hivyo hivyo. Hapana. Bibi wa Kiti alikuwa na uso. Mchoraji alimchora mkewe asubuhi tatu, akampa kope, akampa hata kidoti cha pembeni ya pua. Birika nalo likapewa nafasi yake, likapewa mng'ao, na ndani ya mng'ao kidirisha kidogo chenye mti. Sikudhani aliachwa mwisho, wakati mwanga umekwisha kuhama, na mkono wake ulioshika pasi ukapewa vidole vitatu.

*Birika lina dirisha. Mimi nina vidole vitatu.*

*Nilikuwa na vitano. Niliingia chumbani humu navyo. Nilivihesabu kila nilipovaa pete ya mama.*

*Viwili vimekwenda wapi? Vimekwenda kula naye mchana.*

*Kumeza siwezi.*

Ndiyo, kumeza hakuweza, na hili lazima lielezwe, maana wajuaji watasema mbona hakumeza tu akapumzika. Kwa wapiga pasi ilikuwa mwiko. Maji yaliyopigwa funda kwa ajili ya nguo hayamezwi, kwa sababu atakayeyameza amekunywa jasho la mwenye nguo, na tangu siku hiyo atakuwa mtu wake hata akiachwa huru. Aliyemfundisha kazi, mama yake, alimwonya hivyo kabla hajamkabidhi pasi. Na kutema sakafuni ni matusi kwa kazi yenyewe. Maji yale yalikuwa na njia moja tu, kupitia midomoni, na njia hiyo ilifungwa kwa neno la mtu aliyekwenda kula.

Hasira yake haikuanza siku moja. Mwaka wa kwanza alikuwa na subira, kama tulivyofundishwa kwamba subira huvuta heri. Mwaka wa kumi alianza kuitilia shaka heri. Mwaka wa hamsini aligundua kwamba kumbe wanaosifu subira ni wale wanaosubiriwa, na hapo ndipo kitu kilipoanza kumchemka chini ya ulimi, pembeni ya yale maji, kikakaa humo.

Katika miaka hiyo picha ilihamishwa kutoka ukutani mwa tajiri hadi ukutani mwa tajiri mwingine, na mwisho ikaletwa katika Nyumba ya Picha, jengo refu lenye kumbi zisizo na madirisha, katika mji ambao wenyeji wake hawakuwahi kukubaliana jina lake. Chini ya fremu kilipigiliwa kibao cha shaba. Kiliandikwa *Utulivu*.

Wageni walifika kila siku. Walisimama kwa mbali, wakainamisha vichwa upande.

"Huyu anazuia machozi," alisema mwanamke mmoja mwenye kofia.

"Jino," alisema mumewe. "Tazama shavu la kushoto lilivyovimba."

"Ninyi hamuoni?" alisema mzee mmoja aliyekuja na wanafunzi wake wakiandika kila alichotamka. "Ni ukimya uliojaa. Mwanamke huyu amefika mahali ambapo maneno hayahitajiki tena."

Wanafunzi wakaandika kwamba maneno hayahitajiki tena. Sikudhani alikuwa na maneno yaliyotosha kuwachoma masikio wote, pamoja na mzee wao, mpaka mlangoni. Kama kuna dhuluma iliyozidi kumziba mtu kinywa, ni kumziba halafu kumsifu kwa upole wake.

Mtu mmoja tu katika jengo lile hakuwahi kumsifu. Aliitwa Arafa, mfagiaji, mwanamke wa makamo mwenye magoti yanayolia akiinama. Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa alipita na ufagio na kitambaa, na akifika kwenye ile picha aliipangusa fremu, akaitazama kwa karibu kabisa, pua karibu iguse rangi, mahali ambapo Sikudhani hakutakiwa kuonekana. Akaongea naye, kama afanyavyo mtu anayefanya kazi peke yake.

"Bado hujapuliza tu, mwenzangu?" aliuliza siku ya kwanza. "Mimi nimepiga pasi ya mkaa miaka kumi na mmoja kabla sijapewa ufagio huu. Najua shavu la maji nikiliona. Hawa wenye miwani waache waseme jino."

Sikudhani alitamani kulia, lakini machozi hakuchorewa.

Basi ikatokea asubuhi moja, Jumatano, Msimamizi wa Nyumba ya Picha akaja na mtu mwembamba aliyebeba kijisanduku. Msimamizi alikuwa mtu wa suti ya kijivu na sauti ya chini, mwenye mazoea ya kutazama saa yake kila mtu mwingine anapoongea. Yule mwembamba alikuwa fundi wa kurekebisha picha zilizochakaa.

"Ni hili," Msimamizi alisema, akinyoosha kidole. "Shavu hili linatusumbua siku nyingi. Wageni wanabishana mbele yake, wengine wanacheka. Picha inaitwa *Utulivu*. Huwezi kuwa na utulivu wenye uvimbe."

Fundi alisogea, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Ni kosa la mchoraji. Alikuwa na haraka. Rangi imerundikana hapa." Aligusa hewa mbele ya shavu. "Nitaikwangua kidogo, nilisawazishe shavu, nifunge midomo kwa mstari mmoja safi. Nusu saa."

"Samahani, bwana," alisema Arafa kutoka nyuma yao. "Hilo si kosa. Ana maji mdomoni, anataka kunyunyizia shati. Ukimfunga midomo atakaa nayo milele."

Fundi alimtazama Msimamizi. Msimamizi alitazama saa.

"Mama Arafa, ukumbi wa pili umefagiwa?"

"Umefagiwa."

"Fagia na wa tatu."

Arafa alishika ufagio wake akaenda. Fundi akasema angekuja kesho asubuhi, kabla ya wageni, kwa kuwa kazi ya nyuso inataka mkono uliopumzika.

Sikudhani alisikia kila neno. Midomo kwa mstari mmoja safi. Kwa miaka yote ile alikuwa na jambo moja la kujishikiza, kwamba kufungwa kwake kulikuwa kwa muda. Kwamba mchoraji angemaliza kula, angepangusa ndevu, angeingia na kusema lile neno la pili, na yeye angepuliza na siku ingeendelea. Sasa ilibaki asubuhi moja. Baada ya hapo asingekuwa mwanamke aliyezuiwa kusema. Angekuwa mwanamke asiye na la kusema, na kibao cha shaba kingekuwa kweli.

*Njoo useme. Kama upo, njoo useme sasa.*

*Umekula vya kutosha.*

Aliyekuja alikuwa Arafa, kesho yake alfajiri, kulipokwisha kucha, kitambaa begani. Hakuipangusa fremu. Alisimama tu, akashusha pumzi.

"Nimekaa nikifikiri," alisema. "Nikajiuliza, huyu dada anangoja nini? Mikono anayo, pumzi anayo. Nikasema, labda kaambiwa asitikisike. Sisi ndivyo tulivyo, tukiambiwa ngoja tunangoja, hata aliyesema akisahau." Akajikuna shingo. "Kama unamngoja mchoraji, mwenzangu, kafa. Kafa zamani mno. Picha yake iko ukumbi wa mwisho, alijichora mwenyewe uzeeni. Naifuta vumbi kila Ijumaa."

Ndani ya fremu mkaa ulilia, kidogo.

"Tena kapendeza," Arafa aliendelea. "Shati jeupe, kola imenyooka huwezi kuikosoa. Nilichekea kitu kimoja tu. Kifungo cha tatu ni cha bluu, vingine vyote vyeupe."

Kifungo cha tatu. Sikudhani alikijua kifungo kile. Kilikuwa chini ya macho yake wakati huo huo, juu ya shati lililokunjamana, pale pale kilipokuwa kwa miaka mia na arobaini. Alikishona mwenyewe baada ya cheupe kupotea kwenye kufua, akitumia uzi wa upindo wa gauni lake, na mchoraji hakuwahi kugundua. Lilikuwa shati lile lile. Na lilikuwa limekwisha nyooshwa. Limekwisha valiwa. Limekwisha zeeka mwilini mwa mwenyewe.

Alifikiri jambo hilo polepole, maana lilikuwa kubwa kuliko chumba. Nani alilinyoosha? Hakuna mwingine katika nyumba ile aliyejua kupiga pasi. Alilinyoosha Sikudhani. Kwa hiyo mchoraji alirudi. Alipangusa ndevu, akaingia, akasema haya, endelea, na Sikudhani akapuliza maji, akashusha pasi, akamaliza shati, akala ukoko jikoni, akaolewa au hakuolewa, akazeeka na vidole vyake vitano, akafa. Neno la pili lilisemwa kumbe. Lilisemwa kwa yule. Kwa huyu wa ukutani halikusemwa, kwa sababu huyu alikwisha kuwa mali, na mali haiambiwi endelea. Siku moja ya mtu ilikatwa kipande, yeye mwenyewe akaendelea na maisha bila kujua amepunguziwa nini, na kipande kikatundikwa ukutani kikiwa bado hai, na kiu, na kinywa kimejaa.

*Basi mimi ni nani?*

*Mimi ndiye niliyebaki kazini.*

Hapo ndipo subira ya mwisho ilipomtoka. Alikasirika kwa ajili ya miaka, akakasirika kwa ajili ya vidole. Alikasirika kwa ajili ya yule mwingine, mwenziwe aliyezeeka bila kujua, ambaye pengine alikuja siku moja akaiona picha hii ukutani mwa tajiri huku amebeba sinia, na akaambiwa apite haraka. Zaidi ya yote alijikasirikia mwenyewe, kwamba amri iliishi kuliko mwenye amri kwa sababu yeye ndiye aliyeilisha. Mfu hawezi kumzuia mtu asitikisike. Kinachozuia ni kule kutii kwa mwenye kutii, na hicho kilikuwa chake tangu mwanzo. Kulijua hilo kulimuuma kuliko mgongo.

Milango ikafunguliwa. Msimamizi aliingia akiwa na Fundi, na Fundi akafungua kijisanduku, akatoa kisu chembamba na brashi ya nywele tatu.

"Mama Arafa, tupishe," alisema Msimamizi.

"Sipishi," alisema Arafa. Hakupaza sauti. Aliegemea ufagio wake kama mtu aliyefika kwake.

"Wewe mama unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Miaka yote nimekuwa nikikusikiliza wewe. Leo nataka kumsikiliza huyu."

Fundi hakuwa na muda wa mabishano ya watu wa nyumba. Alimzunguka Arafa, akainama, akaleta uso wake karibu na shavu la kushoto, miwani miwili, kisu mbele. Kwa karibu kiasi kile hakuona mwanamke. Aliona waridi, aliona kijivu kidogo, aliona rangi iliyorundikana. Akaweka ncha ya kisu.

Sikudhani akageuza kichwa. Shingo ililia kama mlango wa ghala. Midomo ikabana, mashavu yakajaa, na akayapuliza, yote, ya miaka yote, hakubakiza hata tone chini ya ulimi. Hakuyaelekeza kwenye shati. Yalimpata Fundi usoni, yakapenya kati ya miwani na miwani, yakalowesha suti ya kijivu ya Msimamizi kuanzia kola hadi saa, yakafika sakafuni. Yalikuwa ya vuguvugu, na yalinuka wanga na sabuni ya magadi.

Fundi alianguka kitako. Msimamizi alisimama vile vile, mikono pembeni, maji yakimtiririka kidevuni, akijaribu kukumbuka ni kanuni ipi iliyovunjwa.

Wote wakangoja azungumze. Hata Arafa alingoja. Miaka mia na arobaini, ungetegemea hotuba. Sikudhani alijaribu ulimi kwanza, akauzungusha ndani ya kinywa kilichokauka, akaona bado unafanya kazi.

"Naitwa Sikudhani," alimwambia Arafa. "Hawakuniuliza. Wewe unaitwa nani, dada? Nawasikia wakisema Mama Arafa, lakini sikusikia wewe mwenyewe ukisema."

"Arafa," alisema mfagiaji. "Arafa binti Mwinjuma."

Kisha Sikudhani akaitazama pasi. Nguo ilikuwa kavu, haikupata tone. Kila mpiga pasi anajua kinachofuata ukishusha pasi ya moto juu ya pamba kavu na kuiacha hapo. Akaishusha. Akaituliza juu ya kifua cha shati, karibu na kifungo cha bluu, akaachia vidole vyake vitatu kimoja kimoja. Akapindisha mgongo nyuma mpaka mifupa ikaalika, akapanda juu ya ukingo wa fremu, akashuka ukumbini kwa mkono wa Arafa. Alipokanyaga sakafu hakupotea. Arafa alikuwa karibu naye kabisa, bega kwa bega, na bado alikuwepo.

Nyuma yao, moshi ulipoanza, Bibi wa Kiti alitua kikombe kwa mara ya kwanza.

"Nani anaangalia pasi?" aliuliza.

Chumbani hakukuwa na wa kumjibu. Alitazama kulia na kushoto, kisha, kwa shida, kama mtu anayejifunza, akaanza kuinuka.

Sikudhani na Arafa walitembea kumbi zote hadi wa mwisho. Mchoraji alikuwa pale, mzee, ndevu safi, brashi mkononi, katika shati lake jeupe. Chini ya kifungo cha bluu doa la kahawia lilikuwa limeanza kujitokeza, lenye ncha mbele na upana nyuma, na lilikuwa linakolea. Macho yake yalishuka kulitazama. Mkono wake wa kushoto ukataka kunyanyuka.

Sikudhani alirudi nyuma hatua mbili, akakunja jicho moja.

"Usitikisike," alimwambia. "Kidogo tu."

Kisha akamshika Arafa mkono, wakatoka nje kutafuta maji ya kunywa.